Wati 25 sebuleni: zatosha au hazitoshi?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu, na starehe yangu kubwa ya jioni ni kuketi sebuleni nikisikiliza taarabu za zamani na muziki wa dansi. Ninayo amplifaya ya stereo niliyoinunua mwaka 1989, ambayo kitabu chake kinasema inatoa wati 25 kwa kila upande kwenye spika za omu 8, pamoja na spika mbili za kabati zilizoandikwa nyuma omu 8 na desibeli 87. Sebule ina urefu wa mita tano na upana wa mita nne, na kiti changu kiko kama mita tatu kutoka kwenye spika.

Mwaka jana tulihamia nyumba hii, nikaunganisha vyombo mwenyewe kwa waya wa simu uliokuwa umebaki baada ya kazi nyingine. Tangu siku hiyo muziki umekuwa mwembamba. Besi imepotea, ikanibidi nizungushe kitufe cha besi hadi mwisho, na sasa nikiongeza sauti kidogo ili wimbo ujae chumba, kila ngoma inapopigwa sauti inakoroma na waimbaji wanasikika kama watu wenye mafua. Muuza vyombo mmoja mjini ameniambia bila kusita kwamba wati 25 ni za redio ya mezani, na kwamba sebule ya siku hizi inahitaji amplifaya isiyopungua wati 1,200. Anayo moja, na bei yake ni shilingi 780,000. Kijana wangu naye ananihimiza niichukue, kwa kuwa amesikia kwamba amplifaya ndogo ndiyo inayounguza spika.

Fedha hiyo ninayo, ila ni akiba ya kumalizia paa la jiko, na mama watoto hajapendezwa na mpango huu. Naomba unieleze: mtu anayesikiliza muziki nyumbani anahitaji wati ngapi hasa?

Mwalimu mstaafu, Tanga

—

Shikamoo Mwalimu,

Naomba hiyo shilingi 780,000 ibaki ilipo, na ikiwezekana iende kwenye paa la jiko kama ilivyokusudiwa. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umetaja vipimo ambavyo wengi wanaoniandikia huvisahau, na kwa vipimo hivyo tunaweza kukokotoa mahitaji yako badala ya kukisia.

Namba yenye uzito kuliko zote ulizonitajia ni ile ya desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambayo nina shaka kama muuzaji wako aliiulizia. Maana yake ni kwamba spika moja ikipewa wati moja tu, aliyekaa mita moja mbele yake atapata sauti ya desibeli 87. Tuuite huo wepesi wa spika. Kwa kulinganisha, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana huwa kama desibeli 60. Wewe umekaa mita tatu, kwa hiyo sauti inapungua njiani. Uwanjani ingepungua kwa desibeli tisa na nusu, lakini sebuleni kuta, dari na sakafu huirudisha sehemu ya sauti hiyo kwako, hivyo tuhesabu upungufu wa desibeli 6. Spika zako ni mbili, na ya pili inaongeza desibeli 3. Chukua 87, toa 6, ongeza 3: unapata 84. Kwa wati moja kwa kila spika, tayari kiti chako kinafikiwa na desibeli 84, sauti ambayo mama watoto akiwa chumba hichohicho itambidi apaze sauti ili umsikie anachosema.

Anayesikiliza kwa utulivu jioni kwa kawaida huwa kati ya desibeli 70 na 75 kwa wastani. Tuseme 72. Hiyo ni desibeli 12 chini ya 84, na kushuka kwa desibeli 12 ni sawa na kuigawa nguvu kwa 16. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya jioni yako, kila spika inapokea takriban sehemu moja ya kumi na sita ya wati moja. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii kwa spika zangu niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Wati zinazobaki zina kazi yake, nayo ni kubeba vilele. Muziki haukai kwenye wastani. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, inapocharazwa, dumbaki linapopigwa kiganja, au tarumbeta za bendi ya dansi zinapoingia kwa pamoja, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde sauti huruka juu ya wastani kwa desibeli 10, 15, na kwa rekodi za okestra kubwa hata 20. Kwako, tukichukua wastani wa 72 na vilele vya 15 juu yake, tunafika 87 kitini, na ili kufika hapo kila spika inahitaji wati mbili. Siku umepata wageni ukapandisha wastani hadi 80, vilele vitafika 95, na hapo kila spika itahitaji wati 12 au 13. Amplifaya yako ina 25. Ikitumia zote, inaweza kukufikishia vilele vya desibeli 98 hapo ulipoketi, bila kukwaruza, na sijui jirani gani atakayekuvumilia ukifika huko kila jioni.

Hapa ndipo wauzaji wanapopata nafasi ya kutuzidi akili, kwa sababu sikio halihesabu wati kama tunavyohesabu fedha. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 25 hadi 50, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio litaitambua lakini halitaiona kubwa. Ili muziki usikike kama umeongezeka mara mbili unahitaji kama desibeli 10 zaidi, yaani wati mara kumi: 250 kwa kila spika. Kwa upande mwingine, spika yenye wepesi wa desibeli 91 badala ya 87 inakupa desibeli 4 za bure, sawa na kuiongezea amplifaya nguvu mara mbili na nusu bila kuigusa. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue amplifaya ya wati ngapi, mimi humuuliza kwanza spika zake zimeandikwa nini kwa nyuma.

Kuhusu kauli kwamba wati 25 ni za redio ya mezani, historia inaikataa. Mwaka 1953 ilitoka Uingereza amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za zamani) iitwayo Quad II, yenye wati 15, na watu wenye masikio makali kabisa waliitumia kusikilizia okestra nzima majumbani mwao. Wapo wanaoitunza na kuitumia hadi leo. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya yake ya 3020, iliyoandikwa wati 20 kwa kila upande, na ikawa miongoni mwa amplifaya za nyumbani zilizopendwa sana duniani. Chombo chako kina wati zaidi ya hivyo vyote viwili.

Sasa tuiangalie hiyo amplifaya ya wati 1,200. Ukipita tena dukani, omba uigeuze na usome kibati cha nyuma, pale penye volti na hezi, kwa sababu hapo huandikwa umeme inaovuta. Kama kimeandikwa wati 80, basi namba ya 1,200 iliyochapishwa kwenye boksi haina maana, kwani hakuna chombo kinachoweza kutoa mfululizo nguvu kuliko inayoingia kwenye waya wake. Kapasita za ndani huhifadhi akiba ya kubeba kilele cha mara moja, lakini akiba hiyo huisha kabla hujapepesa jicho. Amplifaya inayotoa wati 1,200 za kweli ingevuta zaidi ya ampea 5 kwenye soketi yako, kuliko pasi nyingi za umeme, na ungeziona uniti za LUKU zikishuka huku ukisikiliza. Mara nyingi namba kubwa za namna hiyo hufuatana na herufi PMPO, kipimo ambacho hakina kanuni moja ya kukipima, hivyo kila mtengenezaji huandika anachopenda. Kinachofaa kutafutwa ni wati za mfululizo, ambazo kwa kawaida huandikwa RMS, zikitajwa pamoja na omu za spika (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) na kiwango cha uharibifu wa sauti. Tatizo hili halikuanzia kwetu. Marekani ilibidi mwaka 1974 tume ya serikali inayosimamia biashara iweke kanuni ya jinsi wati za amplifaya za nyumbani zinavyopaswa kupimwa na kutangazwa.

Kama wati zinatosha, kwa nini basi sauti inakoroma? Jibu umeliandika mwenyewe, Mwalimu, pale uliposema kwamba besi ilipotea siku ile ile ulipounganisha vyombo kwenye nyumba mpya. Amplifaya na spika ni zile zile. Kilichobadilika ni waya. Waya wa simu una nyuzi nyembamba ambazo ni rahisi kuzichanganya, na ninaamini kwamba kwenye spika moja umeunganisha chanya kwa chanya, na kwenye nyingine ukaunganisha chanya kwa hasi. Matokeo yake ni kwamba ngoma inapopigwa, karatasi ya spika moja inasukuma hewa mbele wakati ya mwenzake inaivuta nyuma, na mawimbi marefu ya besi yanakutana chumbani na kufutana. Dalili nyingine ya kosa hili ni kwamba mwimbaji hasikiki akiwa katikati ya spika mbili. Sauti yake inaelea pembeni, huwezi kunyoosha kidole ukasema amesimama pale. Nadhani ukisikiliza leo usiku utaitambua.

Baada ya besi kufutwa, ukazungusha kitufe cha besi hadi mwisho, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Lakini kitufe hicho kwenye amplifaya nyingi za wakati ule kikifika mwisho huongeza kama desibeli 10 kwenye sauti za chini, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Pigo la ngoma lililokuwa likihitaji wati 3 sasa linadai 30, na amplifaya yako haina 30. Inapofika mwisho wa uwezo wake inakata vilele vya mawimbi, na huko kukatwa ndiko unakokusikia kama mkoromo kila ngoma inapolia. Waimbaji wanapata mafua kwa sababu sauti zao zimepanda juu ya wimbi lile lile la ngoma linalokatwa.

Fanya hivi. Zima amplifaya na uichomoe kwenye umeme. Rudisha vitufe vya besi na vya sauti nyembamba katikati. Weka spika zako zitazamane uso kwa uso, zikiachana kwa upana wa kiganja, kisha washa na upige wimbo wenye besi nzito kwa sauti ya chini. Zima tena, geuza waya mbili za spika moja tu, washa na upige wimbo uleule. Kati ya mara hizo mbili, ile iliyotoa besi nene zaidi ndiyo yenye muungano sahihi. Tofauti yake si ya kutegea sikio. Hata aliye jikoni ataisikia. Ukishaipata, zirudishe spika mahali pake, na kama ziko katikati ya chumba zisogeze karibu na ukuta, kwani ukuta huongeza besi bila kuiomba amplifaya hata sehemu ya wati.

Waya wenyewe ubadilishe, ingawa sitaki nikutie hofu kwa ajili yake. Waya wa simu wenye uzi wa nusu milimita, ukienda mita tano hadi kwenye spika, unakula karibu sehemu moja ya kumi ya volti, sawa na kupoteza takriban desibeli moja. Nunua waya wa kawaida wa shaba wenye nyuzi pacha, wa milimita mraba 1.5, ambao upande mmoja una rangi au mstari, nawe ufuate rangi hiyo kutoka nyuma ya amplifaya hadi nyuma ya spika. Waya wa bei kubwa unaouzwa kwenye maboksi ya kupendeza hautakuongezea kitu sebuleni kwako.

Kuna jambo ambalo waya hautalitibu. Ukisikiliza usiku kwa sauti ya chini sana, besi itapungua hata kila kitu kikiwa sawa, kwa kuwa sikio la binadamu ndivyo lilivyo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba kadiri sauti inavyoshuka ndivyo sikio linavyozidi kuzikosa sauti za chini. Kwa saa hizo, kuongeza besi kiasi ni halali kabisa, maana wati zinazotumika ni chache mno na amplifaya iko mbali na mwisho wake. Kosa ni kuiacha besi juu na kupandisha sauti kwa pamoja.

Kijana wako amesikia jambo lenye ukweli nusu, na napenda umweleze vizuri kwa sababu linasambaa sana. Kinachounguza spika ni joto kwenye koili yake, yaani waya mwembamba uliozungushwa ndani yake. Amplifaya ndogo inayoendeshwa hadi kukata vilele inaweza kutoa nguvu inayokaribia mara mbili ya ile iliyoandikwa, na mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti nyembamba nyingi ambazo huishia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na koili ya twita ni nyembamba kama unywele. Kwa hiyo kukoroma kunakoendelea kwa saa nzima ni hatari, na ninakusihi usiendelee kusikiliza hivyo hata leo. Lakini amplifaya hiyo hiyo ikitumika chini ya kiwango cha kukata haiunguzi chochote, hata ikiwa ya wati 5. Amplifaya kubwa nayo, wajukuu wakiipandisha siku ya sikukuu, itaiunguza spika yako haraka zaidi na bila kukoroma ili kukuonya.

Sisemi kwamba wati nyingi hazina mahali pake. Mwenye spika ndogo zenye wepesi wa desibeli 83, katika ukumbi mkubwa, akitaka kusikiliza kwa nguvu, atahitaji wati 100 kwa kila upande na atazitumia. Mwenye kupiga muziki uani kwenye harusi anahitaji mamia, kwa sababu nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka mara mbili zinapotea desibeli 6. Nafikiri wengi wetu tumejifunzia huko kupima muziki kwa wati, kwenye harusi na mikutano, kisha tukaibeba hesabu ya uwanjani tukaileta sebuleni. Tukumbuke pia masikio yenyewe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kwenye desibeli 90 saa hizo zinashuka hadi nne. Masikio yako yametumikia madarasa yenye kelele miaka mingi, nayo hayana fundi wa kuyabadilishia koili.

Chombo cha mwaka 1989 kinastahili pia kuangaliwa. Ukisikia mkwaruzo pale tu unapogusa kitufe cha sauti, hilo ni vumbi, na fundi atalisafisha kwa dawa ya kupuliza. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma hata pasipo wimbo, mwombe apime kapasita kubwa za umeme, maana hukauka kwa umri na kupunguza ile akiba ya vilele niliyoieleza. Kwa kazi hiyo tafuta fundi anayepima kabla ya kufungua skrubu ya pili.

Mwisho, kwa kuwa wewe ni mwalimu na najua hutaridhika na maneno yangu matupu, pima mwenyewe. Baada ya kurekebisha waya, piga muziki kwa sauti kubwa kabisa ambayo ungependa kuisikia nyumbani mwako, kisha usiguse tena kitufe cha sauti. Zima, chomoa waya za spika nyuma ya amplifaya, na kwa simu au chombo kilekile unachopigia nyimbo piga mlio wa hezi 100 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa. Azima mita ya fundi, iweke kwenye volti za umeme wa AC, gusa chanya na hasi za upande mmoja na usome. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, gawa kwa 8 (zile omu za spika yako), na utapata wati ambazo vilele vya muziki wako vinaweza kudai. (Wasomaji wenye amplifaya za valvu wasifanye hivi, kwani hizo haziwashwi bila spika.) Kwangu, kwa spika za desibeli 86 na kiti kilicho mita mbili na nusu, mita ilisoma volti 6.3, yaani wati 5. Mwisho wa amplifaya yako ni takriban volti 14. Niandikie uliyoisoma wewe.